Kitufe cha makro kwenye faili la kikundi: kukiweka ni rahisi, kukiwekea mipaka ndiyo kazi

Kikundi chochote cha kuweka na kukopa kinachotunza hesabu zake kwa kompyuta hufika mahali ambapo anayejaza faili si yule aliyelitengeneza. Katibu hubadilika, mweka hazina husafiri, na siku ya mkutano kompyuta hushikwa na mwanachama anayejua kufungua Excel, kuandika jina na kuandika kiasi, basi. Mtu huyu hana sababu ya kujua kwamba malipo hukaa kwenye laha moja na jumla zake hukusanywa kwenye laha nyingine. Anachohitaji ni mahali pa kujaza na kitufe cha kubofya. Nimetengeneza vitufe vya namna hiyo kwa vikundi kadhaa, na maoni yangu ni kwamba kukichora kitufe na kukiunganisha na makro, yaani mfululizo wa amri ambazo Excel huzitekeleza yenyewe, ni shughuli ya dakika chache, ilhali kuamua kitufe hicho kiruhusiwe kugusa nini, na kikatae nini, ndiko kunakostahili muda.

Nitumie mfano wa faili lenye laha tatu. Laha ya kwanza, Fomu, ina seli tatu za kujaza: C4 ni jina la mwanachama, C5 ni aina ya malipo, na C6 ni kiasi. C5 ina orodha ya kuchagua yenye Hisa, Mfuko wa Jamii, Marejesho na Faini. Laha ya pili, Daftari, hupokea kila malipo katika mstari wake, yaani tarehe, jina, aina na kiasi, wala haina kingine. Laha ya tatu, Muhtasari, haijazwi na mtu. Ina fomula za SUMIFS (za kujumlisha kwa masharti) zinazosoma Daftari na kuonyesha kila mwanachama amefikia wapi. Kitufe tunachokitaka kitakaa kwenye Fomu, kitaandikwa "Ingiza malipo", na kazi yake itakuwa kuchukua yaliyojazwa na kuyapeleka kwenye mstari mtupu unaofuata wa Daftari.

Kabla ya yote, Excel huficha vifaa vya kazi hii. Bofya kulia popote juu ya utepe wa menyu, chagua Customize the Ribbon, kisha utie alama kwenye Developer. Kichupo kipya kitatokea na kubaki hapo. Ukibonyeza Alt na F11 kwa pamoja utaingia kwenye dirisha la kuandikia makro. Humo chagua Insert kisha Module, na ukurasa mweupe utakaofunguka ndio mahali pa kuandika.

Wengi huanza kwa kurekodi makro badala ya kuiandika, na sina ugomvi na njia hiyo kwa kujifunzia. Excel hukuangalia unavyofanya, kisha hukuandikia amri zake. Tatizo ni kwamba kinasa hicho hukumbuka mahali ulipobofya wala hakijui nia yako. Ukirekodi huku ukipeleka malipo ya kwanza kwenye mstari wa 2 wa Daftari, makro hiyo itapeleka malipo yote yajayo kwenye mstari wa 2, ikifuta yaliyotangulia bila kutoa sauti. Kuna chaguo la Use Relative References linalofanya kinasa kihesabu kuanzia seli uliyosimama, lakini nalo linategemea mtumiaji awe amesimama mahali panapofaa kabla ya kubofya, jambo ambalo hakuna anayeweza kulihakikisha katikati ya mkutano. Kwa hiyo rekodi kwa ajili ya kuona majina ya amri, kisha andika yako mwenyewe. Yangu kwa faili hili ni hii:

```
Sub IngizaMalipo()
    Dim fomu As Worksheet, daftari As Worksheet
    Dim jina As String, swali As String
    Dim mstari As Long

    Set fomu = ThisWorkbook.Worksheets("Fomu")
    Set daftari = ThisWorkbook.Worksheets("Daftari")

    jina = Trim(Replace(fomu.Range("C4").Value, ChrW(8217), "'"))

    If jina = "" Or fomu.Range("C5").Value = "" Then
        MsgBox "Jaza jina na aina ya malipo kwanza.", vbExclamation
        Exit Sub
    End If

    If fomu.Range("C6").Value = "" Or Not IsNumeric(fomu.Range("C6").Value) Then
        MsgBox "Kiasi kiandikwe kwa tarakimu tupu.", vbExclamation
        Exit Sub
    End If

    swali = jina & ", " & fomu.Range("C5").Value & ", shilingi " & _
            Format(fomu.Range("C6").Value, "#,##0") & ". Niingize?"
    If MsgBox(swali, vbYesNo + vbDefaultButton2) = vbNo Then Exit Sub

    mstari = daftari.Cells(daftari.Rows.Count, 1).End(xlUp).Row + 1
    daftari.Cells(mstari, 1).Value = Date
    daftari.Cells(mstari, 2).Value = jina
    daftari.Cells(mstari, 3).Value = fomu.Range("C5").Value
    daftari.Cells(mstari, 4).Value = fomu.Range("C6").Value

    fomu.Range("C4:C6").ClearContents
End Sub
```

Ukitazama kwa makini utaona kwamba mistari inayofanya kazi yenyewe ni michache. Sehemu kubwa ni ya kukataa na kuuliza. Ndivyo inavyopaswa kuwa. Mstari unaotafuta mahali pa kuandika huanzia chini kabisa ya laha, kwenye mstari wa 1,048,576, na kupanda juu mpaka ukutane na seli ya kwanza yenye kitu, kisha unaongeza moja. Kigezo cha mstari nimekitangaza kuwa Long, aina ya namba nzima yenye upeo mkubwa, kwa sababu Integer ya VBA, lugha ya kuandikia makro za Excel, huishia 32,767, na daftari likivuka hapo makro itakwama kwa hitilafu ambayo mtumiaji hataielewa. Nimetumia pia ThisWorkbook ili makro iandike kwenye faili lake daima, hata kama kuna faili jingine lililofunguliwa mbele yake. Tarehe haichukuliwi kutoka kwenye fomu: inatoka kwenye saa ya kompyuta, na hivyo tunaepuka mkanganyiko wa 3/4, ambao kompyuta iliyowekwa mtindo wa Marekani huusoma kuwa tarehe 4 Machi wakati mjazaji alikusudia tarehe 3 Aprili.

Mstari wenye ChrW(8217) unaweza kuonekana kama urembo, lakini ndio uliookoa hesabu nyingi kuliko mingine yote. Majina yetu yana ng', na alama ile ya juu ina maumbo mawili kwenye kompyuta: iliyonyooka, inayotoka kwenye kibodi, na iliyopinda, ambayo Word huiweka yenyewe unapoandika. Orodha ya wanachama ikiwa imenakiliwa kutoka kwenye waraka wa Word, huku mjazaji akiandika jina kwa kibodi, Excel itaona watu wawili tofauti, na SUMIFS itampa mmoja wao jumla pungufu. Jicho halitofautishi maumbo hayo kwa urahisi, na mwanachama akilalamika kwamba hisa zake zimepotea, katibu ataapa kwamba ameziingiza, na wote wawili watakuwa wakisema kweli. Kuweka orodha ya kuchagua kwenye C4 husaidia, ila mtu akibandika jina kutoka mahali pengine, ukaguzi wa orodha hiyo hupitwa. Kwa sababu hiyo makro isafishe jina hata kama orodha ipo. Trim nayo inaondoa nafasi zilizobaki mwanzoni na mwishoni mwa jina, ambazo huleta balaa lilelile. Alama hiyohiyo hairuhusiwi katika jina la makro, kama ambavyo nafasi hairuhusiwi. Ndiyo maana makro yangu inaitwa IngizaMalipo kwa neno moja.

Jambo jingine linalohusu kiasi: ukaguzi wa IsNumeric, unaoangalia kama kilichoandikwa ni namba, hufuata mipangilio ya eneo ya Windows. Kompyuta nyingi za Tanzania na Kenya huchukua mkato kuwa kitenganishi cha maelfu, kwa hiyo mtu akiandika 5,000 anapata elfu tano. Faili hilohilo likifunguliwa kwenye kompyuta iliyowekwa Kifaransa, kama zilivyo nyingi huko Bujumbura au Goma, mkato ni alama ya desimali na 5,000 ni tano tu. Makro haitalalamika, maana tano ni namba halali. Kinachoweza kumnusuru mjazaji ni lile swali la uthibitisho, ambalo humsomea kiasi kama Excel ilivyokielewa kabla hakijaandikwa popote.

Kuhusu swali lenyewe, nina msimamo. Maandishi ya vitufe vya Yes na No hutoka kwenye Windows, hatuwezi kuyabadilisha kwa urahisi, na kwa hiyo swali ni lazima liulizwe kwa kukubali na kamwe lisiulizwe kwa kukanusha. Tukimwuliza mtu "Hutaki kuingiza?", Mswahili atajibu "ndiyo" akimaanisha kwamba ni kweli hataki, kisha atabofya Yes. Uliza "Niingize?" na hapatakuwa na mashaka. Ile vbDefaultButton2 inaifanya No iwe ndiyo inayochaguliwa mtu akibonyeza Enter bila kusoma, na watu wanaojaza fomu haraka hubonyeza Enter sana.

Sasa tuje kwenye kitufe. Excel inakupa njia tatu. Ya kwanza ni kitufe cha kundi la Form Controls, kilichokuwapo tangu Excel 5 ya mwaka 1993, toleo ambalo ndilo lililoleta lugha ya VBA. Ya pili ni kitufe cha ActiveX, kilichokuja na Excel 97, chenye rangi na mapambo mengi zaidi. Ya tatu ni umbo lolote la kuchora, hata picha, ambalo hupewa makro kwa kubofya kulia na kuchagua Assign Macro.

Kitufe cha ActiveX siwezi kumshauri mtu akitumie. Hakifanyi kazi kwenye Excel ya Mac. Desemba 2014 masasisho ya Microsoft yalivifanya vitufe vya aina hiyo vikatae kubofyeka kwenye kompyuta nyingi, na watu wakalazimika kufuta mafaili ya muda yaliyofichika ili virudi. Tangu Office 2024 Microsoft imevizima kwa chaguo-msingi. Umbo la kuchora ni zuri kwa macho, na unaweza kulipa rangi ya kikundi, lakini halishuki chini linapobofywa. Kitufe cha Form Controls, pamoja na ukijivu wake usiobadilika, hushuka na kurudi, na mtumiaji anaona kwamba kompyuta imemsikia. Anayeona hakuna kilichotokea hubofya tena. Kwa makro yetu kubofya mara ya pili hakuna madhara, kwa sababu seli zimeshafutwa na jina litakutwa tupu. Hata hivyo, ni afadhali asiwe na sababu ya kubofya mara ya pili.

Ili kukiweka, nenda Developer, kisha Insert, bofya alama ya kitufe iliyo juu kabisa kushoto katika kundi la Form Controls, halafu chora mstatili kwenye laha huku ukishikilia Alt, ili kingo zake zishikane na mistari ya seli. Unapoachia kipanya, dirisha la Assign Macro hufunguka lenyewe. Hapo, sehemu ya Macros in, chagua This Workbook kabla hujachagua IngizaMalipo. Ukiacha All Open Workbooks na kuchagua makro ya faili jingine lililokuwa wazi, kitufe kitakuwa kimefungwa kwenye faili hilo, na siku likihamishwa kitadai kwamba makro haipatikani. Hali hiyohiyo hutokea laha yenye kitufe inaponakiliwa kwenda faili jipya: kitufe kinakwenda, lakini macho yake yamebaki kwenye faili la zamani. Vilevile, ukibadilisha jina la makro baadaye, rudi kwenye kila kitufe ukiunganishe upya, maana kitufe kinashika jina la makro tu.

Maandishi ya kitufe hubadilishwa kwa kubofya kulia na kuchagua Edit Text. Andika kitenzi na kitu chake: "Ingiza malipo", "Chapisha risiti", "Funga mwezi". Kitufe kilichoandikwa "Malipo" pekee hakisemi kama kinaingiza, kinaonyesha au kinafuta. Bofya kulia tena, chagua Format Control, na kwenye Properties chagua Don't move or size with cells, la sivyo mtu akificha safu au akichuja mistari kitufe kinaweza kusogea au kubanwa kikawa uzi. Hapohapo ondoa alama ya Print object, ili karatasi itakayobandikwa ukutani isitoke na vitufe. Laha ikiwa ndefu, weka vitufe kwenye mistari ya juu na uigandishe kwa Freeze Panes, visipotee mtu anaposhuka chini.

Hadi hapa kitufe kinafanya kazi, na wengi huishia hapo. Lakini kuna tabia moja ya Excel ambayo kila anayeweka vitufe anapaswa kuijua kabla hajamkabidhi mtu faili: makro inapobadilisha kitu kwenye laha, orodha ya kutendua hufutwa. Ctrl na Z, ambayo watu wameizoea kama kamba ya kuokolea, haitarudisha alichofanya kitufe, wala haitarudisha alichofanya mtumiaji kabla ya kubofya. Seli tatu zilizofutwa kwenye fomu zimekwenda; mstari ulioandikwa kwenye Daftari umeandikwa.

Kutokana na hilo siweki kitufe cha "Futa" kwenye daftari la fedha, hata nikiombwa, na huwa naombwa. Watunza hesabu walikuwa na jibu la jambo hili kabla ya kompyuta: kosa halifutwi, hurekebishwa kwa ingizo la kinyume. Malipo ya 10,000 yaliyoandikwa kwa jina lisilo lake hubaki, kisha huandikwa mstari mwingine wa -10,000 kwa jina hilohilo, na wa tatu wa 10,000 kwa mwenye nayo. Jumla zinakaa sawa, na anayesoma baadaye anaona kilichotokea. Kitufe cha "Ingiza malipo" kilivyoandikwa hapo juu kinakubali namba hasi bila kubadilishwa, kwa hiyo kinatosha kwa kazi zote mbili. Ukipenda, tengeneza kitufe cha pili cha "Rekebisha ingizo" kitakachodai sababu iandikwe kwenye safu ya tano.

Ili kanuni hiyo isimamiwe na faili lenyewe badala ya nidhamu ya watu, Daftari lifungwe. Laha iliyolindwa huzuia makro kama inavyozuia mkono wa mtu, na makro ikijaribu kuandika humo itasimama kwa hitilafu 1004. Suluhisho ni kuilinda kwa namna inayomruhusu VBA peke yake, na kwa kuwa ruhusa hiyo hufutika faili linapofungwa, huwekwa upya kila linapofunguliwa. Kwenye dirisha la VBA, bofya mara mbili ThisWorkbook kisha andika:

```
Private Sub Workbook_Open()
    Worksheets("Daftari").Protect _
        Password:="neno-lako", UserInterfaceOnly:=True
End Sub
```

Kuanzia hapo mlango wa kuingilia kwenye Daftari ni kitufe peke yake. Neno la siri la laha halimzuii mtu mwenye nia mbaya na ujuzi. Linamzuia mwenye haraka, na kwa uzoefu wangu mwenye haraka ndiye anayeharibu mafaili mengi.

Kisha kuna kuhifadhi. Faili la kawaida la Excel tangu toleo la 2007 lina mwisho wa xlsx, na aina hiyo haibebi makro. Ukilihifadhi hivyo, Excel itakuonya kwa sentensi ndefu, na wengi hubofya Yes bila kuisoma. Faili likifunguliwa tena vitufe vitakuwapo lakini vitakuwa vimekufa. Chagua Excel Macro-Enabled Workbook, yenye mwisho wa xlsm, mapema kabisa.

Tatizo kubwa zaidi huja faili linapotumwa. Makro zina historia mbaya: mwaka 1995 kirusi cha Concept kilisambaa ndani ya nyaraka za Word, 1996 Laroux akaingia kwenye Excel, na Machi 1999 Melissa akajaza seva za barua pepe duniani. Kwa muda mrefu ulinzi ulikuwa ule mstari wa njano wenye Enable Content, ambao kila mtu aliubofya. Februari 2022 Microsoft ilitangaza kwamba makro za mafaili yaliyotoka kwenye intaneti zitazuiwa moja kwa moja. Julai mwaka huo ilisitisha mpango huo kwa siku chache, kisha ikaurudisha mwezi huohuo. Siku hizi faili lililopakuliwa kutoka kwenye barua pepe au WhatsApp ya kwenye kivinjari hufunguka na mstari mwekundu usio na kitufe cha kuruhusu. Mwanachama hupiga simu akisema faili limeharibika, ilhali limezuiwa tu. Alifunge, abofye faili kulia, achague Properties, atie alama kwenye Unblock chini ya kichupo cha General, kisha alifungue upya. Afanye hivyo kwa faili ambalo anamjua aliyelituma na kwa nini amelituma, si kwa kila faili. Faili lililokuja kwa flashi kwa kawaida halikutani na kizuizi hiki, kwa sababu alama inayolitambulisha kuwa limetoka kwenye intaneti huhifadhiwa na NTFS, mfumo wa mafaili wa diski za Windows, na flashi nyingi hutumia FAT32 au exFAT, ambayo haiibebi. Linalobaki ni ule mstari wa njano.

Kwenye simu, hakuna la kufanya: Excel ya Android na ya iPhone haiendeshi makro za VBA, na Excel ya kwenye kivinjari pia haiziendeshi, ingawa huzihifadhi bila kuziharibu. Kikundi ambacho kompyuta yake ni simu za wanachama kisianze na Excel. Google Sheets inaweza kuwafaa zaidi, ila kwa hadhari. Humo kitufe huchorwa kwa Insert kisha Drawing, na kwenye nukta tatu za mchoro unachagua Assign script na kuandika jina la kazi uliyoiandika kwenye Apps Script, sehemu ya Google ya kuandikia amri kama hizi, bila mabano. Mara ya kwanza Google itaomba idhini. Tatizo ni kwamba mchoro huo haubofyeki kwenye programu ya simu. Njia inayotumika badala yake ni kisanduku cha tiki ndani ya seli, pamoja na kazi inayoitwa onEdit, ambayo huamka seli yoyote inapobadilika, hukagua kama ni kile kisanduku kilichotiwa tiki, hufanya kazi yake, kisha hukiondoa tiki. Hakipendezi kama kitufe, lakini kinaitikia kwenye simu. LibreOffice Calc nayo ina vitufe vyake, vinavyowekwa kwenye hali ya Design Mode na kuunganishwa na makro kupitia kichupo cha Events. Lugha yake ya Basic inafanana na VBA bila kuwa ileile, kwa hiyo usitarajie faili la xlsm lifanye kila kitu humo kama lilivyozoea.

Swali ninaloulizwa mara kwa mara ni vitufe vingapi vinafaa. Nimeona laha zenye kitufe kwa kila mwezi, kumi na viwili vimejipanga, kila kimoja na makro yake iliyonakiliwa kutoka kwa jirani yake. Kosa likigunduliwa lirekebishwe mara kumi na mbili. Inawezekana kuvipa vyote makro moja, ikatambua kilichobofywa kwa kusoma Application.Caller, ambayo hurudisha jina la kitufe. Lakini orodha moja ya kuchagua mwezi na kitufe kimoja cha "Onyesha mwezi" hufanya kazi hiyohiyo na kuacha nafasi. Na kama unachotaka ni kumpeleka mtu kutoka laha moja kwenda nyingine, makro haihitajiki kabisa: chora umbo, bofya kulia, chagua Link, kisha Place in This Document. Kiungo hicho hakizuiwi na mtu na kinakaa hata kwenye xlsx.

Faili la mfano huu, kwa hiyo, lina vitufe viwili vya makro na viungo viwili. Naongeza laha ya nne iitwayo Maelekezo, inayotaja kila kitufe kwa jina lake, laha kinayoandika, laha kinayosoma, na jina la makro yake, pamoja na maelezo ya Unblock kwa picha. Nakala ya neno la siri la Daftari huandikwa kwenye karatasi na kuwekwa ndani ya sanduku la kikundi lenye kufuli tatu, kwa kuwa katibu ajaye atalihitaji siku safu mpya itakapoongezwa, na huenda aliyelitengeneza faili awe amehamia mkoa mwingine.